Bendi ya Ukubwa Usiotarajiwa: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Kati ya Eksoni na Introni

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi wa maabara na wanafunzi wa uzamili wanaofanya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) ya RNA hapa Kisumu na kwingineko magharibi mwa Kenya: anayechunguza selimundu, anayefuatilia usugu wa vimelea vya malaria, anayefuga mbu. Kazi zao ni tofauti ila malalamiko yao ni mamoja. Bendi, ule mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli ya kupimia ukubwa, imetoka kubwa. Bendi haikutoka. Zimetoka mbili. Lawama ya kwanza huangukia praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kuanzia), ya pili mashine, ya tatu stima iliyopotea usiku. Kwa maoni yangu, kabla ya kulaumu chochote tazama ramani ya jeni: eksoni ziko wapi, introni ziko wapi, na molekuli iliyo ndani ya tyubu yako ni ipi hasa. Asiyejua hayo matatu hawezi kujua kama jibu alilopata ni kosa au ni ugunduzi.

Kwanza chora ramani

Jeni zetu, na vilevile za mbu na nyingi za kimelea cha malaria, hazikuandikwa kwa mfululizo mmoja. Seli hunakili jeni yote kuwa RNA, kisha hukata vipande vya katikati na kuunga vilivyobaki. Vinavyobaki katika mRNA iliyokomaa, RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ni eksoni, vinavyokatwa ni introni. Kazi hiyo hufanywa ndani ya kiini cha seli na splaisosomu, mkusanyiko wa protini nyingi pamoja na RNA ndogo tano zinazoitwa U1, U2, U4, U5 na U6. Ukisoma introni kwenye DNA, karibu kila moja huanza na herufi (yaani vijenzi A, C, G na T vya DNA) GT na kuishia na AG. Shika hilo la GT na AG, maana tutalitumia kama ushahidi baadaye.

Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1977 katika virusi vya adeno, kwa kazi ya Richard Roberts na Phillip Sharp na wenzao, nao wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Majina eksoni na introni yalitolewa na Walter Gilbert mwaka 1978.

Chukua karatasi. Chora mstari wa jeni, weka visanduku vya eksoni, andika urefu wa kila kisanduku na wa kila pengo, kisha weka mishale ya praima mahali hasa zinaposhika. Tuchukue mfano wa HBB, jeni ya beta-globini, inayotuhusu sana kandokando ya Ziwa Viktoria ambako selimundu imeenea. Ina eksoni tatu zenye herufi 142, 223 na 261. Introni ya kwanza ina herufi 130, ya pili 850. Jumla ni herufi 1,606 kwenye DNA, lakini mRNA iliyoungwa ina 626 tu kabla ya kuongezewa mkia wa A, yaani mfululizo wa herufi A mwishoni. Badiliko la selimundu limo katika eksoni ya kwanza.

Hesabu inayofuata ni rahisi na ndiyo itakayokuokoa. Praima ya mbele ikiwa eksoni ya kwanza na ya nyuma eksoni ya pili, na bendi ya cDNA (DNA iliyotengenezwa kutoka kwenye RNA) ikiwa herufi 200, basi bendi ya DNA itakuwa 330. Ukivuka hadi eksoni ya tatu, tofauti inakuwa 980. Ukiweka praima zote mbili ndani ya eksoni moja, DNA na cDNA zitatoa bendi ya ukubwa uleule na hakuna jeli itakayozitofautisha.

Ukijumlisha urefu wa eksoni zote utakuta pia kwamba unazidi herufi zinazohitajika kutengeneza protini. Usishtuke. Eksoni haimaanishi sehemu inayotafsiriwa kuwa protini, bali sehemu inayobaki baada ya kuunga. Katika HBB zinazotafsiriwa ni herufi 444 tu, pamoja na kodoni ya kusimamisha (kodoni ni herufi tatu zinazosomwa pamoja; hii huashiria mwisho wa protini). Nyingine ni mwanzo na mwisho wa mRNA. Wanafunzi wengi hufundishwa shuleni kwamba eksoni ndiyo sehemu inayotoa protini, na kosa hilo huwafuata hadi maabara.

Dalili: bendi ni kubwa kuliko ilivyotarajiwa

Mazungumzo huwa hivi.

“Daktari, nilitarajia 200 nimepata kama 330.”

“Tyubu isiyo na RT inaonyesha nini?”

“Sikuiweka.”

“Basi tuanzie hapo.”

Tyubu isiyo na RT ni sampuli ileile ya RNA iliyopitia kila hatua, ila haikutiwa revasi transkriptesi (RT), kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa cDNA. Bila kimeng'enya hicho RNA haiwezi kutoa bendi. Bendi ikitokea, imetoka kwenye DNA. Najua vitendanishi ni ghali na wengi huiacha tyubu hii ili kubana matumizi, lakini matokeo yasiyo nayo hayawezi kutetewa mbele ya mtu yeyote makini.

Ikiwa tyubu hiyo ina bendi ya 330, chanzo kimepatikana: DNA imeingia pamoja na RNA. Katika damu nzima hili hutokea kwa urahisi. mRNA ya globini hutoka kwenye seli nyekundu changa ambazo tayari zimetoa kiini chao, lakini seli nyeupe zilizo katika damu hiyohiyo zina DNA yote. Tibu kwa DNesi, kimeng'enya kinachokata DNA. Baada ya DNesi kumaliza kazi, tia kwanza EDTA, kemikali inayofunga magnesi, ndipo upashe joto la nyuzi 65 kwa dakika 10 kuiua. Ukipasha joto bila EDTA, magnesi iliyomo itaikatakata RNA yako, nawe utakuwa umeondoa tatizo moja na kuleta jingine. Kumbuka pia kwamba EDTA ikizidi itanyima magnesi hatua inayofuata.

Ikiwa tyubu isiyo na RT ni safi na yenye RT inatoa 330, hiyo kubwa inatoka kwenye RNA kweli. Hapo kuna njia mbili. Huenda ni RNA changa ambayo bado haijaungwa, nayo huonekana zaidi ukitengeneza cDNA kwa praima nasibu, kwa kuwa hizo hushika kila RNA ikiwemo ya ndani ya kiini. Jaribu tena kwa praima ya mkia wa A, au toa RNA ya nje ya kiini peke yake, uone kama inapungua. Njia ya pili ni introni iliyobaki: seli imekomaza mRNA ikaacha introni moja ndani.

Kuna kipimo kinachotenganisha hizo mbili vizuri. Usipime introni moja tu, pima zote unazoweza. RNA changa huwa na introni kadhaa ambazo hazijakatwa. Introni iliyobaki huwa moja mahususi, huku majirani zake wamekatwa na kuungwa sawasawa. Katika HBB una introni mbili tu za kulinganisha, lakini katika jeni ndefu ushahidi huwa mzuri sana.

Dalili: tyubu isiyo na RT ina bendi ileile ya sampuli

Kwanza tazama tyubu isiyo na sampuli kabisa. Ikiwa nayo ina bendi, umechafua vitendanishi au pipeti, mara nyingi kwa bidhaa ya PCR ya zamani au plazmidi (duara dogo la DNA la kubebea jeni). Badilisha kila kitu, tenganisha chumba cha kutengenezea mchanganyiko na chumba cha kufungulia bidhaa.

Ikiwa hiyo ni safi, rudi kwenye ramani. Huenda jeni yako haina introni hata moja. Wanaofanya malaria hukutana na hili kila siku. Jeni ya K13, inayochunguzwa kwa ajili ya usugu dhidi ya dawa ya malaria ya artemisinini, ni eksoni moja. pfmdr1 ni eksoni moja. Pfs25, ambayo mRNA yake hutumika kutafuta gametositi wa kike (gametositi ni hatua ya kimelea inayoambukiza mbu), haina introni. Kwa jeni hizi hakuna praima itakayovuka introni, kwa sababu hakuna ya kuvuka. Usafi wa DNesi na tyubu isiyo na RT ndiyo ngao yako pekee. Anayehesabu gametositi kwa Pfs25 bila kuondoa DNA anaweza kuwa anahesabu vimelea vya kawaida vya damu, kwa kuwa DNA ya Pfs25 imo ndani ya kila kimelea, hata kile kisichotoa mRNA hiyo. Hilo si dosari ndogo: uamuzi wa nani anaweza kuambukiza mbu unategemea hapo.

Pia kuna sudojeni. Katika binadamu, jeni za GAPDH na aktini ya beta, ambazo watu wengi huzitumia kama kipimo cha kulinganishia, zina nakala nyingi bandia zilizotapakaa kwenye kromosomu. Nakala hizo zilizaliwa kutokana na mRNA iliyokwisha kuungwa, ikageuzwa kuwa DNA na kurudishwa kwenye jenomu, kwa hiyo hazina introni. Praima zako zimevuka introni vizuri, ramani ni sahihi, na bado DNA inatoa bendi ya ukubwa wa cDNA. Chagua jeni nyingine ya kulinganishia, au ukiamua kubaki na hizo, tegemea DNesi wala si ramani.

Dalili: praima zinafanya kazi kwenye cDNA, kwenye DNA hazitoi kitu

Hapa mara nyingi mtu alichukua mfuatano wa mRNA kwenye hifadhidata akachagua praima bila kutazama mahali eksoni zinapokutana. Praima iliyokaa juu ya kiungio, nusu eksoni hii na nusu ile, haina pa kushika kwenye DNA kwa sababu introni imezitenganisha nusu hizo. Kwa kazi ya RNA hilo ni zuri, wengine hulifanya kwa makusudi ili DNA isisomwe. Kwa kazi ya DNA kutoka kwenye damu iliyokaushwa juu ya karatasi, ni kifo cha jaribio.

pfcrt ndiyo mtego mkubwa. Jeni hii ya usugu dhidi ya klorokwini ina eksoni 13, na badiliko mashuhuri la K76T limo katika eksoni ya pili. Sehemu inayotafsiriwa ni herufi 1,275, lakini kwenye DNA jeni inazidi herufi 3,000. Mtu anayepanga praima kwa mfuatano wa mRNA ana nafasi 12 za kuangukia kiungio. Kuna msaada mmoja wa macho: jenomu ya kimelea hiki ina A na T kwa takriban asilimia 80, na introni zake huzidi hapo, karibu asilimia 86. Ukisoma mfuatano ukaona herufi zimegeuka kuwa A na T tupu kwa urefu, yaelekea umetoka kwenye eksoni. Usiweke praima hapo, haitashika mahali pamoja.

Chanzo cha pili ni introni ndefu mno. Katika binadamu eksoni ya wastani ina herufi kama 150 lakini introni huenda maelfu. Jeni ya distrofini, protini ya misuli, ina eksoni 79 zilizotawanyika kwenye herufi zaidi ya milioni 2, huku mRNA yake ikiwa kama 14,000. Dakika moja ya polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA katika PCR, haitavuka pengo kama hilo, wala haihitaji kulivuka. Kwa DNA, weka praima ndani ya introni pande mbili za eksoni moja unayoitaka.

Dalili: eksoni za mwisho zipo, za mwanzo zimepotea

Mtu huja na furaha kwamba amegundua mRNA fupi inayoanzia katikati ya jeni. Mimi humuuliza kwanza jinsi RNA ilivyohifadhiwa.

cDNA ikitengenezwa kwa praima ya mkia wa A, kimeng'enya huanzia mwisho wa mRNA na kurudi nyuma kuelekea mwanzo. RNA ikiwa imekatika, hufika penye mkato na kusimama. Matokeo yake ni eksoni za mwisho kuonekana vizuri na za mwanzo kutoonekana kabisa. Hakuna uungaji wowote wa ajabu hapo, ni RNA iliyoharibika. Katika joto la Kisumu, sampuli iliyokaa kwenye boksi la barafu iliyoyeyuka kutoka Siaya au Homa Bay hadi jioni, au iliyokuwa kwenye friza usiku stima ilipokatika na jenereta ikachelewa, inaweza kufika katika hali hiyo bila dalili yoyote kwa macho.

Pima hivi. Endesha RNA kwenye jeli: ya binadamu inapaswa kuonyesha bendi mbili kali za RNA ya ribosomu, 28S na 18S, ya juu ikiwa na nguvu kama maradufu ya ya chini. Ukiona wingu tupu chini ya jeli, jibu umelipata. Kisha tengeneza cDNA mpya kwa praima nasibu, upime vipande vifupi vya herufi kama 100 mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mRNA. Vyote vikionekana, eksoni za mwanzo zilikuwepo wakati wote. Vya mwanzo vikiendelea kukosekana na RNA ni nzima, hapo ndipo pa kuanza kufurahi. Kwa sampuli za vijijini napendelea kioevu cha kuhifadhi RNA kitiwe palepale damu inapochukuliwa. Gharama yake huuma, lakini ni ndogo kuliko kurudi kwa mgonjwa kuomba damu tena.

Dalili: bendi mbili au tatu, mojawapo ndogo kuliko inavyotakiwa

Hapa usiharakishe, kwa sababu hapa tatizo na biolojia ya kweli hufanana kabisa.

Uungaji mbadala ni jambo la kawaida. Zaidi ya asilimia 90 ya jeni za binadamu zenye eksoni nyingi huungwa kwa namna zaidi ya moja. Seli ya misuli huweza kubakiza eksoni ambayo seli ya ini huiruka. Mbu nao wamo: jeni ya Dscam ya Anopheles gambiae inaweza kinadharia kutoa zaidi ya aina 30,000 za mRNA kwa kuchagua eksoni tofautitofauti, nayo ina kazi katika kinga ya mbu dhidi ya vijidudu. Jeni ya mfereji wa sodiamu, ile yenye badiliko la L1014S lililotambuliwa katika mbu wa magharibi mwa Kenya mwaka 2000 na kuhusishwa na ukinzani dhidi ya DDT na pairethroidi, nayo ina eksoni mbadala. Kwa hiyo ukifanya RNA ya mbu na kupata bendi mbili, usitupe jeli.

Anza kwa kutoa tofauti ya ukubwa. Bendi ya kawaida ni 480 na ndogo ni 357, tofauti ni 123. Tazama ramani: kuna eksoni ya herufi 123 kati ya praima zako? Ikiwapo, yaelekea imerukwa. Ikiwa hakuna eksoni ya ukubwa huo wala jumla ya eksoni jirani inayofikia hapo, shuku kwamba mkato umeangukia ndani ya eksoni kwenye kiungio kilichofichika (mahali pa kukatia ambapo kwa kawaida hapatumiki), au praima imeshika pasipo pake.

Kisha gawa kwa tatu. Herufi 123 zinagawanyika, kwa hiyo protini itapoteza asidi amino (vijenzi vya protini) 41 lakini usomaji utaendelea sawa baada ya pengo. Eksoni ya pili ya HBB ina herufi 223, hazigawanyiki. Ikirukwa, kila kodoni inayofuata itasomwa kombo, na muda si mrefu itatokea kodoni ya kusimamisha. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini watoto wawili wanaweza kupoteza vipande vya distrofini, yule aliyepoteza kipande kikubwa akawa na ugonjwa wa misuli mwepesi kuliko aliyepoteza kidogo. Ndiyo pia msingi wa dawa ya eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inayofanya eksoni ya 51 irukwe kwa makusudi ili usomaji urudi kwenye mstari.

Bendi ya tatu, ile inayokaa juu ya zote mbili na isiyolingana na hesabu yoyote, mara nyingi haipo katika seli. Bidhaa mbili za PCR zenye mwanzo na mwisho uleule zinapoachana kwa joto na kurudiana, uzi mmoja wa ndefu unaweza kushikana na uzi wa fupi. Eksoni ya ziada hutokeza kama kitanzi na jozi hiyo hutembea polepole kwenye jeli. Punguza mizunguko, au chukua bidhaa kidogo, izimue kwa praima na vitendanishi vipya na uiendeshe mizunguko michache tu. Ikififia, haikuwa mRNA.

Kuna udanganyifu mwingine ambao watu wengi hawaujui, na mimi huupa uzito. Revasi transkriptesi yenyewe inaweza kuruka. Ikikuta mahali pawili penye herufi zinazofanana kwenye RNA, huweza kuachia pa kwanza na kushika pa pili, ikiacha kila kilicho katikati. cDNA inayotoka huonekana kama iliyokatwa introni. Ushahidi wa kuitambua ni ule wa mwanzo: soma mfuatano wa bendi ndogo, tazama kipande kilichokosekana. Kikianza na GT na kuishia na AG, yaelekea splaisosomu ilipita. Kikiwa na marudio ya herufi kadhaa pande zote mbili na hakuna GT wala AG, shuku kimeng'enya. Rudia kwa RT ya aina nyingine inayofanya kazi kwenye joto la juu zaidi.

Na tafadhali usipime uwiano wa aina mbili kwa kutazama mwanga wa bendi baada ya mizunguko 40. PCR hupendelea kipande kifupi. Aina iliyokuwa chache katika seli inaweza kuonekana ndiyo nyingi kwenye jeli. Kwa uwiano, tumia PCR ya kupima papo kwa papo, praima za kila aina zikiwa juu ya kiungio chake.

Bendi mbili zinaweza pia kujificha ndani ya moja. Katika aina ya talasemia ya beta (ugonjwa wa damu wa kurithi) inayoitwa IVS1-110, inayopatikana sana nchi za Mediterania, G moja ndani ya introni ya kwanza ya HBB imegeuka A na kuzaa AG mpya. Splaisosomu huishika hiyo, na herufi 19 za introni hubaki katika mRNA. Jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 haitakuonyesha tofauti ya 19. Panda hadi asilimia 3 au 4, au tumia poliakrilamidi.

Dalili: jeni ipo, promota (swichi ya kuwashia jeni) ni nzima, mRNA karibu haipo

Tazama kama mfuatano una kodoni ya kusimamisha mapema. Baada ya kuunga, seli huacha alama ya protini karibu na kila kiungio cha eksoni. Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ikisimama herufi zaidi ya 50 hadi 55 kabla ya kiungio cha mwisho, alama iliyobaki mbele huwa ishara kwamba mRNA hiyo ni mbovu, nayo huharibiwa. Ndiyo maana badiliko la kodoni ya 39 katika HBB, lililo katika eksoni ya pili, huacha mRNA kidogo sana, ilhali kodoni ya kusimamisha ikiangukia ndani ya eksoni ya tatu mRNA huweza kuishi na kutoa protini mbovu, na ugonjwa ukajitokeza hata kwa aliyerithi nakala moja tu. Kwa seli unazozikuza, zuia utengenezaji wa protini kwa saa chache kwa sikloheksimidi kabla ya kutoa RNA. mRNA ikipanda ghafla, umepata chanzo.

Dalili: badiliko lisilogeuza asidi amino, na bado mgonjwa ni mgonjwa

Programu ya kompyuta imeandika kwamba badiliko halina madhara, mtu akafunga faili. Asifunge. Eksoni hubeba pia ishara zinazoiambia splaisosomu “mimi ni eksoni, nibakize.” Jeni za SMN1 na SMN2 zinatofautiana katika herufi ya sita ya eksoni ya 7, C kwa T. Asidi amino haibadiliki, lakini katika SMN2 eksoni hiyo hurukwa mara nyingi, na mtoto asiye na SMN1 hupata ugonjwa wa kudhoofika misuli ya uti wa mgongo. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hushika introni inayofuata na kuifanya eksoni ya 7 ibakizwe.

Hata badiliko linalogeuza asidi amino linaweza kuwa na madhara mawili. Hemoglobini E, ya Asia ya Kusini-Mashariki, ni badiliko la kodoni ya 26 katika eksoni ya kwanza ya HBB. Hubadili protini, na hapohapo huamsha kiungio kilichofichika, kwa hiyo sehemu ya mRNA huungwa vibaya. DNA peke yake haikuonyeshi hilo. Omba RNA.

Dalili: bakteria hawatoi protini

Ikiwa uliingiza jeni kutoka DNA yenye introni, Escherichia coli haina splaisosomu na itatafsiri introni kama ilivyo hadi ikutane na kodoni ya kusimamisha. Tumia cDNA. Ikiwa tayari ni cDNA na ni ya kimelea cha malaria, tatizo yaelekea ni kodoni zenye A na T nyingi. Agiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni zinazopendwa na bakteria.

Dalili: kwenye tripanosoma, hakuna introni ya kuvuka popote

Wanaofanya kazi ya malale, ugonjwa uliowahi kusumbua sana Bonde la Lambwe kule Homa Bay, husumbuka kutafuta introni kwenye Trypanosoma brucei. Jeni zinazojulikana kuwa na introni za kawaida ni mbili tu. Kimelea hiki huunga kwa njia nyingine: kila mRNA hubandikwa mwanzoni kipande kilekile cha herufi 39 kinachotoka kwenye RNA tofauti kabisa. Hapo ndipo pa kupata msaada. Tengeneza praima ya mbele inayoshika herufi hizo 39, na ya nyuma ndani ya jeni yako. Kwenye DNA vipande hivyo haviko pamoja, kwa hiyo bendi inatoka kwenye mRNA iliyoungwa pekee. Bado weka tyubu isiyo na RT.

Dalili: badiliko limeonekana, lakini namba haikubaliani na ripoti

Matokeo ni sahihi, hesabu ndizo mbili. Badiliko la selimundu limeitwa kwa miaka mingi kodoni ya 6, kwa kuhesabu protini baada ya methionini ya mwanzo kuondolewa. Kanuni za sasa huhesabu methionini hiyo kuwa ya 1, na badiliko lilelile likawa nafasi ya 7. Kodoni ya 26 ya hemoglobini E nayo ni nafasi ya 27. Namba za eksoni nazo hubadilika kulingana na mRNA iliyochaguliwa kuwa rejeo, hasa jeni ikiwa na eksoni mbadala mwanzoni. Katika daftari na katika ripoti inayokwenda kwa daktari wa hospitali, andika namba ya mRNA ya rejeo pamoja na toleo lake, andika majina yote mawili ya badiliko, na ubandike ile ramani uliyoichora, praima zikiwa zimeonyeshwa juu yake.